Kufunga Daftari la Miaka Mingi

Neno la juma: Yeremia 32:6–15

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Yeremia alinunua shamba la Anathothi kwa shekeli 17 za fedha, na huku jeshi la Babeli limeuzingira mji. Alipima fedha kwenye mizani, akaandika hati, akaweka mashahidi. Hati zilikuwa mbili: moja imetiwa muhuri, nyingine i wazi. Zote akamkabidhi Baruku mwana wa Neria mbele ya watu, azitie katika chombo cha udongo ili zikae siku nyingi. Wahubiri wengi hupenda kukaa kwenye shamba. Juma hili tukae kwenye chungu. Nabii alijua zama zake zinafungwa, lakini hakuacha karatasi zizagae. Aliamua kipi kifungwe, kipi kibaki wazi, nani akabidhiwe, na chombo gani kitunze.

Miongoni mwetu wapo walioandika habari za kila siku kwa miaka 20, wengine 30: mvua ilianza lini, mtoto alitembea lini, nani kafariki, mahari imepokelewa kiasi gani, Jumapili lilihubiriwa neno gani, jirani kaomba aombewe nini. Kaunta buku zimejaa sanduku zima. Sasa macho yamechoka, au mtu anahamia kwa wanawe, au hamu imekwisha tu, naye anajisikia vibaya kwamba ameacha. Hana sababu. Mhubiri 12:12 anasema hakuna mwisho wa kutunga vitabu vingi, na mzee Yohana katika waraka wake wa tatu anasema alikuwa na mengi ya kuandika lakini hakupenda kuyaandika kwa wino na kalamu, akitumaini kuonana na mwenzake mdomo kwa mdomo. Kuacha kuandika si kosa. Tatizo ni kuacha bila kufunga, kwa sababu daftari lisilofungwa litafungwa na wengine, na wao hawajui lililomo.

Kwanza ukurasa wa mwisho. Andika tarehe ya siku hiyo kwa ukamilifu: siku, mwezi, mwaka. Andika daftari la kwanza lilianza lini, jumla ni madaftari mangapi, na miaka gani ina mapengo. Andika ufunguo wa vifupisho, maana baada ya miaka kumi hakuna atakayejua kwamba "MJ" ni Mama Joni na "K" ni kikoba wala si kanisa. Andika nani anakabidhiwa, na nani anaruhusiwa kusoma lini. Kisha weka sahihi, na shahidi mmoja aweke yake. Kurasa tupu zilizobaki zipigwe mstari wa mshazari toka kona hadi kona, kama makatibu wa vikao wanavyofanya kwenye vitabu vya mihtasari, ili mtu asije akaongeza neno juu ya jina lako.

Hapa wengi hukosea: wakishaamua kufunga wanataka kwanza kujaza mapengo. Wanarudi kwenye miezi ambayo hawakuandika, wanaweka tarehe za wakati ule na kuandika wanachokumbuka leo. Huo ni ushahidi wa uongo hata kama kila neno ni kweli, kwa kuwa thamani ya daftari ni kwamba liliandikwa siku ileile. Ukitaka kueleza pengo, weka tarehe ya leo kisha andika "nakumbuka kwamba." Inatosha.

Kazi nzito ni kuchambua. Usichambue kwa kusoma kila ukurasa, utakwama kwenye daftari la pili ukilia au ukicheka. Pitia haraka ukiwa na penseli, uweke alama pembeni ya aina tatu tu: H kwa cha kuhifadhi, R kwa cha kurudisha, C kwa cha kuchoma. Alama ya R ni ya vitu vilivyobanwa katikati ya kurasa ambavyo si vyako: cheti cha ubatizo cha mpwa, barua ya mtu, picha ya marehemu ambayo familia yake inaitafuta.

Cha kuhifadhi kwanza ni kila ukurasa wenye fedha, ardhi, kuzaliwa, kufa na ndoa. Nani alikopa, mpaka wa shamba ulipitia mti gani, mahari ililipwa lini na mbele ya nani. Tanzania, dai la kurejesha ardhi lina kikomo cha miaka 12 na la mkataba miaka 6, kwa hiyo kurasa za namna hiyo zisiguswe kabla ya muda huo kupita. Hata ukipita, za ardhi ziache. Risiti ulizobandika uzitazame mapema. Zile zinazochapwa na mashine za kodi ni karatasi ya joto, maandishi yake hufifia yenyewe ndani ya miaka michache, na haraka zaidi yakikaa na gundi au nailoni. Zitoe fotokopi leo, maana wino wa fotokopi haufifii hivyo.

Cha kuchoma ni siri za watu. Hili linatuhusu sisi waombaji kuliko wengine wote. Daftari la muumini mzuri limejaa mambo aliyoambiwa kwa sababu ya maombi: ndoa ya fulani inayumba, binti wa fulani ana mimba, mzee fulani alikiri jambo. Uliambiwa umpelekee Mungu, hukuambiwa uwaachie wajukuu. Mithali 11:13 inamtofautisha anayefunua siri na yule mwenye roho ya uaminifu anayesitiri jambo, na haisemi kwamba mwandishi akifa siri inakuwa huru. Kama maombi yalijibiwa na ungependa ushuhuda ubaki, nakili kwenye karatasi mpya bila jina wala mtaa, kisha ukurasa wa zamani uende.

Na uende kweli. Karatasi za madaftari huuzwa kwa kilo, na muuza karanga hazisomi kabla ya kuzikunja. Ukurasa uliochanwa vipande viwili ukatupwa jalalani unaweza kurudi mtaani umefunga karanga za mia mbili, na jina la mtu linasomeka vizuri kabisa upande wa ndani. Kitabu kizima kikitupwa motoni nacho hakiungui: kingo hugeuka mkaa, katikati hewa haipiti, na ukikifungua kesho yake unasoma. Kata kurasa kutoka kwenye mshono, zifinyange, uchome tano au sita kwa mara ndani ya debe lililotobolewa chini, kisha vuruga majivu kwa fimbo na kuyamwagia maji, kwa kuwa jivu la karatasi lisilovunjwa bado huonyesha maandishi. Wanaoishi ghorofani au mahali moto hauruhusiwi wachane vipande vidogo, waloweke kwenye ndoo usiku kucha, asubuhi watwange mpaka uwe uji. Wino wa kalamu ya kawaida hautoki kwa maji peke yake, ndiyo maana kulowesha bila kutwanga hakusaidii.

Sasa chungu. Chombo cha udongo kilifaa kule kwa sababu ya hali ya hewa. Mwaka 1947 magombo ya Qumran, yaani maandiko ya kale ya Kiyahudi, yalianza kuonekana kwenye mapango karibu na Bahari ya Chumvi, mengine ndani ya mitungi, baada ya takriban miaka 2,000, na kilichoyaokoa zaidi ni ukavu. Tanga si Qumran, wala Mombasa, wala Bukoba. Unyevu wa hewa ukikaa juu ya asilimia 65 kwa muda, ukungu huota kwenye karatasi, na pwani yetu hupita hapo siku nyingi za mwaka.

Sanduku la bati, ambalo ndilo tunalo, lina kasoro moja: usiku bati hupoa na unyevu wa ndani hugeuka matone. Litandike na lifunike kwa ndani kwa kitambaa cha pamba kilichofuliwa bila wanga, kanga chakavu inafaa. Usitandike gazeti, lina asidi na huacha doa la kahawia kwenye chochote kilicholigusa. Usifunge madaftari kwenye mfuko wa nailoni na kuukaza, unyevu uliomo hautoki tena. Sanduku likae juu ya matofali, sentimita kumi kutoka ukutani, ili vijia vya udongo vya mchwa vionekane kabla havijafika. Lifunguliwe siku kavu mara moja kila miezi mitatu. Majani makavu ya mwarobaini wengi huweka, na hayana ubaya yakikaa kwenye kifuko cha kitambaa bila kugusa karatasi, ila mchwa hawayaheshimu sana.

Kabla ya kuyaingiza, toa pini za stepla na klipu, kwa kuwa kutu yake hula karatasi, na pwani kutu haichelewi. Shona kwa uzi wa pamba. Selotepu iliyokwisha kubandikwa iache, ukiivuta inaondoka na maandishi, lakini usibandike mpya. Wala usilamineti kitu: plastiki ile huyeyushwa kwa joto na haitoki tena. Daftari lenye wadudu wale wadogo wa rangi ya fedha wanaokimbia ukifungua, lifunge kwenye mfuko usiopitisha hewa, liweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili, kisha litoe na kuliacha siku nzima kabla ya kufungua mfuko, vinginevyo linalowa. Hapo tu ndipo mfuko unaruhusiwa.

Wino nao una habari zake. Mwaka 1871 huko Nyangwe, ambako leo ni Kongo, David Livingstone aliishiwa karatasi na wino, akaandika shajara yake juu ya kurasa za gazeti kuukuu kwa wino wa mmea wa huko. Maandishi yakafifia hata yakawa hayasomeki, na yalikuja kusomwa vizuri mwaka 2011 kwa kamera zinazopiga picha kwa mianga ya rangi mbalimbali. Sisi hatutakuwa na kamera hizo. Maelezo ya nje ya kila daftari yaandikwe kwa penseli, ambayo haififii kwa mwanga wala haitoki kwa maji, kinyume na zile kalamu za wino laini ambazo tone moja la mvua linazimaliza.

Hati ya pili ya Yeremia ilikuwa wazi kwa ajili ya kusomwa, ile ya muhuri ikabaki bila kuguswa. Ndivyo picha za simu zitutumikie. Piga kando ya dirisha, bila flashi, simu ikiwa sambamba na ukurasa, kitabu kikiwa juu ya kitambaa cheusi. Kaunta buku ya kwaya mbili (ile iliyoandikwa "2 quire") ina kurasa 192. Ukipiga mbili kwa pamoja ni picha 96, ambazo kwa kawaida hazifiki megabaiti 400. Jina la faili lianze na mwaka, kisha mwezi, yajipange yenyewe. Weka nakala mbili katika nyumba mbili tofauti, na usitegemee flashi diski moja iliyolala kwenye droo miaka kumi.

Wengine hawapewi nafasi ya ukurasa wa mwisho. Askofu James Hannington, mmisionari Mwingereza, akiwa kifungoni Busoga, ambako leo ni Uganda, aliandika shajara yake hadi tarehe 29 Oktoba 1885, siku aliyouawa. Siku hiyo aliandika kwamba Zaburi ya 30 ilimshikilia, na kwamba usiku fisi alilia karibu akisikia harufu ya mgonjwa, naye akatumaini hajawa wa fisi bado. Kijitabu hicho kilipona kwa kuwa wengine walikichukua. Mwenye nafasi ya kukabidhi mwenyewe amkabidhi mtu anayejulikana, akiwa hai, mbele ya wengine wa nyumbani, kama Baruku alivyokabidhiwa. Mrithi wa sanduku asiwe lazima mkubwa wa ukoo. Awe yule anayenyamaza. Aoneshwe ufunguo, aoneshwe ukurasa wa mwisho, na aulizwe kama anakubali, kwani wapo watakaokataa na wana haki.

Katika maombi ya juma hili tuwakumbuke wazee wanaohama nyumba zao, na wale waliorithi masanduku wasiyojua la kufanya nayo. Juma lijalo tutasoma Yeremia 36, pale mfalme Yehoyakimu alipolikata gombo kwa kisu cha mwandishi na kulitupa motoni kipande kwa kipande.