Hatua Sita za Kahawia

Machi 2016 nilikuwa na kibanda cha picha Mji Mkongwe, Unguja. Nilichora samaki na matumbawe kwa mtindo wa Tingatinga, na matumbawe yangu yote yalikuwa mekundu na ya manjano, maana ndivyo wageni walivyopenda. Siku moja akaingia mtafiti wa bahari, mama wa makamo. Akaitazama picha moja kwa muda mrefu, akaniuliza, "Fundi, umewahi kuzamia ukayaona?"

Sikuwahi. Nimezaliwa hatua chache kutoka pwani, na jibu lile lilinichoma.

Mwisho wa mwezi akanichukua kwenda kisiwa cha Bawe. Yalikuwa maleleji, kaskazi imekatika na kusi haijashika, bahari imelala. Maji yalikuwa vuguvugu kama ya kuogeshea mtoto. Nilipotia uso majini nikaona mwamba mweupe, weupe wa ukuta uliopakwa chokaa jana. Nikaibuka nikamwambia, "Bi Mkubwa, mazuri mno!"

"Yana njaa," akasema.

Akanieleza tukiwa tumeshika ubavu wa mashua. Ndani ya nyama ya tumbawe huishi vijimwani visivyoonekana kwa macho. Hivyo ndivyo vinavyolilisha, na ndivyo vinavyolipa rangi. Joto la maji likipita kiwango cha kawaida cha kiangazi kwa nyuzi moja tu, likadumu majuma kadhaa, tumbawe huvitema. Hubaki nyama angavu juu ya mfupa wa chokaa. Hapo bado lina uhai. Maji yakipoa mapema hupona, yakichelewa hufa likaota ukoga, kama ilivyotokea sehemu nyingi za pwani yetu mwaka 1998.

Kisha akatoa kadi ya plastiki, ya Chuo Kikuu cha Queensland, Australia: safu nne za rangi, zenye herufi B, C, D na E, kila safu hatua sita, kutoka 1 iliyopauka hadi 6 iliyokolea. Unaishika kando ya tumbawe humo humo majini, kwa kuwa maji humeza wekundu, na rangi ya chini si rangi ya juu. Nikaitazama kadi ile nikaona jambo ambalo brashi yangu haikuwahi kunifundisha: afya ya tumbawe imo katika kahawia, rangi niliyokuwa nikiiona duni.

Alitaka ubao mkubwa wa kufundishia wavuvi pale diko. Nilichora wa kwanza kwa rangi ya mafuta, ukaharibika kazi: jua likiupiga unameta, hatua ya 2 na ya 3 hazitofautiki. Nikaukwangua wote. Wa pili nilitumia rangi isiyong'aa, nikichanganya tone kwa tone, naye kakaa kwenye kigoda na kadi mkononi akisema, "Bado. Bado. Hapo, usiguse!" Hatua ya 4 peke yake ilitula siku nzima.

Tulipousimamisha, mzee mmoja mvuvi akaupapasa polepole, akakiweka kidole kwenye 6. "Huu ndio mwamba wa ujana wangu." Hakusema zaidi, nasi hatukumuuliza.

Juma lililofuata tulirudi Bawe na nahodha kijana aliyeomba azamie na kadi mwenyewe. Nilibaki mashuani na daftari la mtafiti mapajani, kalamu tayari. Akaibuka, akavua miwani, akatema maji.

"D mbili!" akaita. "Na lile kubwa la pembeni, D moja."

Nikaandika.