Tambi za bluu ndani ya sampu

Jumapili ya mwisho ya Aprili nilikuwa narudi Korogwe kutoka kwa mama, Lushoto. Pale Soni nikasimama kununua matunda, injini nikaiacha inaunguruma maana betri ya Corolla yangu siku hizo ilikuwa na mambo yake. Narudi na mfuko wangu, nakuta kile kitaa chekundu cha presha ya oili, chenye picha ya birika, kinakonyeza kwenye dashibodi. Nikakanyaga resi kidogo, kikazima. Nikaachia, kikarudi.

Nikazima injini, nikasubiri kama dakika kumi, nikachomoa stiki. Oili ilikuwa katikati ya alama zake mbili. Hapo ndipo nilipotakiwa kupiga simu nivutwe. Sikupiga. Niliteremka hadi Mombo kwa gia ya pili, kitaa kimezima njia nzima kwa kuwa injini ilikuwa inazunguka kwa kasi, nikajidanganya kwamba mambo shwari. Msiniige. Kitaa kile hakikuambii presha inapoanza kushuka. Kinawaka ikishabaki psi (kipimo cha presha) tano hivi. Ukikiona, jua umeshachelewa.

Jumatatu chumba cha walimu kiligeuka gereji. Mwalimu wa fizikia akasema swichi ya presha, ile inayokiwasha kitaa, imekufa. Shemeji yangu kwenye simu: mwaga hiyo oili, weka nzito, namba 40. Jirani mwenye Noah ndiye aliyenikatisha tamaa: "Hizo ni beringi, dada. Tafuta injini nyingine mapema."

Nikaanza na cha bei nafuu. Swichi mpya, elfu kumi na mbili, ikafungwa kwa dakika tano. Kitaa kikaendelea na kazi yake. Ya oili nzito niliikataa, na hadi leo naikataa. Inaweza kweli kupandisha presha kidogo na kukizima kitaa, halafu ukaendesha miezi mitatu ukidhani umepona.

Ndipo nikapelekwa kwa mzee mmoja nyuma ya stendi, ambaye gereji yake ni mwembe na shimo.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, Mwalimu. Inawaka kwenye sailensa au ukiwa kwenye mwendo? Ya moto au ya baridi?"

Alikuwa mtu wa kwanza kuniuliza swali. Wengine wote walikuja na jibu mkononi. Nikamwambia: sailensa, yaani injini inaunguruma bila resi, tena ya moto tu. Akafungua ile swichi mpya, mahali pake akafunga mpira mwembamba wenye geji ya mshale mwishoni, kisha akaniambia niwashe na niiache ichemke. Ya baridi mshale ulisimama 45. Feni ya rejeta ilipowaka mara ya pili, ulikuwa umeshuka hadi 5.

"Sasa panda taratibu mpaka elfu tatu."

Mshale ukapanda, ukafika 20, ukagoma. Tena haukutulia, ulikuwa unatetemeka kama mtu mwenye homa. Mzee akatoa karatasi ya kitabu cha Toyota iliyojaa vidole vya grisi: kwa injini hizi za familia ya A, sailensa inaruhusiwa kushuka hadi psi 4 na ushei, lakini kwenye mizunguko 3,000 zinatakiwa 36 mpaka 71. Maana yake ile 5 iliyonitisha ilikuwa bado ndani ya kitabu. Ugonjwa ulikuwa kwenye ile 20.

Alinieleza akiwa ameegemea bodi. Beringi, vile vipande ambamo shafti ya injini inazungukia, zikilika, nafasi inakuwa kubwa, oili inapita ovyo, na presha ya moto inashuka kwenye sailensa. Ukipiga resi pampu inazidisha kusukuma na mshale unapanda. Ukiona unapiga resi mshale unagoma na kutetemeka, shuku kwamba pampu haipati cha kunywa. Akaweka ncha ya bisibisi kwenye bloku na mpini sikioni, akasikiliza. Hakuna kinachogonga. Kisha akaingia shimoni na tochi, na kimya kikawa kirefu.

"Mwalimu, njoo uone."

Ukingo mzima wa sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, ulikuwa umetoa silikoni ya bluu, ile gundi ya kuzibia, imevimba kama krimu ya keki. "Hii iliyotoka nje unaiona," akasema. "Na ndani nako imetoka hivihivi."

Bomba la ekzosti likashushwa kwanza maana linapita chini ya sampu, oili ikamwagwa, sampu ikabanduliwa kwa wembe mwembamba. Strena, chujio ambalo pampu inanyonyea oili, ni kitu kidogo, kama kisosi cha kikombe cha kahawa, chenye wavu. Zaidi ya nusu ya wavu ule ilikuwa imezibwa na vipande vya silikoni virefu vyembamba, tambi za bluu kabisa, zimeshikana na tope jeusi. Nilichomoa moja kwa kucha. Ilinyumbuka.

Alifungua kifuniko kimoja cha konrodi, ule mkono wa pistoni, tukaitazama beringi juani: kijivu, michirizi miwili mitatu, shaba haijaonekana. Ingeonekana shaba, maana yake beringi imelika, na jirani wa Noah angekuwa ameshinda. Strena ikaoshwa kwa mafuta ya taa, ikawekewa gasketi mpya, sampu ikapakwa silikoni unene wa kamba ya kiatu, si zaidi, ikaachwa ikauke mpaka kesho yake. Filta mpya, oili mpya. Kabla ya kuwasha alichomoa soketi ya distribiuta, akapiga stata mpaka kitaa kikazima chenyewe, ndipo akarudisha moto.

Ya moto, sailensa: 17. Elfu tatu: 44, mshale umetulia tuli.

Wakati namhesabia hela yake akauliza nani alinifungia ile sampu. Nikasema kijana mmoja tu wa mjini, Machi, ilikuwa inavuja. Sikumwambia kwamba siku ile nilikuwa nimesimama juu ya kichwa cha yule kijana nikimwambia asiibanie silikoni, aweke ya kutosha, sitaki kuona tone tena uani kwangu.