Pete ya Yaya na mchanga mweusi wa Kivu

Yaya alipoteza pete ya ndoa Jumamosi, akaniambia Jumatatu, na kati ya siku hizo mbili alishampa mumewe visingizio vitatu tofauti. (Kwetu Goma yaya ni dada au kaka mkubwa, si mlezi wa watoto. Huyu ni jirani yetu wa ukuta kwa ukuta.) Alinijia kwa sababu ya detekta, ile mashini ya kutafutia madini ambayo mjomba alirudi nayo kutoka Kamituga alipochoka na machimbo. Ilikuwa imelala juu ya kabati miaka miwili. Mimi natengeneza redio na simu kule Birere, basi kila kitu chenye nyaya watu hudhani nakijua.

"Ilianguka mu maji," akasema. "Nilikuwa nafua kule Himbi, sabuni ikaitelezesha."

Kabla ya kufika ziwani tulipita kwa chefu wa avenyu, yaani kiongozi wa mtaa, na hatua hii usiiruke. Mtu anayezunguka ufuoni na fimbo yenye sahani, katika Goma hii, atadhaniwa anatafuta dhahabu au anatafuta mabomu, na yote mawili yana kesi. Chefu akatupa kijana wake wa kusimama nasi. Huyo ndiye aliyekuwa akijibu kila mpita njia aliyeuliza, "Iko dhahabu huku?"

Nikawasha. Ikalia. Nikasogea hatua tatu, ikalia. Nikiinua sahani inanyamaza, nikiishusha inapiga yowe. Watoto waliokuja kuchota maji wakatua bidoni zao za njano, wakaanza kuiigiza. Nikazima, nikarudi nyumbani na aibu yangu.

Jioni ile nilipasua spika iliyokufa, nikatoa sumaku, nikashuka tena ziwani kuiburuta mchangani. Ilitoka na ndevu nyeusi. Mchanga wetu ni mawe ya volkano yaliyosagika, na mawe hayo yana chuma. Detekta hutuma nguvu ya sumaku ardhini kupitia waya uliozungushwa ndani ya sahani, kisha husikiliza kitakachojibu. Kwenye mchanga mweupe pete ingejibu karibu peke yake. Hapa ardhi nzima inajibu kwa pamoja. Lava ya Nyiragongo ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji mpaka ikaingia ziwani. Sisi tunaijengea kuta, tunaikanyaga kila siku, na sikuwahi kufikiri kwamba ina kelele.

Dawa yake ilikuwa kwenye kitufe ambacho mjomba alikifunika kwa utepe, sijui kwa nini. Ni cha kusawazisha ardhi. Unatafuta sehemu isiyo na chuma kingine, unapandisha na kushusha sahani polepole huku unazungusha kitufe, mpaka sauti isibadilike ukiwa juu wala chini. Kisha nikapunguza ukali wa mashini hadi nusu. Ukipunguza unapoteza kina, lakini pete ya siku chache haikuwa imezama mita nzima.

Ikanyamaza. Nilikaribia kuikumbatia.

Bado sikujua pete inaliaje. Nikaazima pete ya mama yake Yaya, nikaifunga uzi mwekundu mrefu nisije nikaomba msamaha mara mbili, nikaifukia kina cha kiganja. Sauti fupi, safi, ileile ukitoka kulia au kushoto. Msumari hukatika-katika. Shida ni karatasi ya fedha ya pakiti za sigara: inalia kama pete nyembamba ya dhahabu, huwezi kuzitenganisha kwa sikio. Mashini inaweza kuambiwa ipuuze takataka hizo, ila ukifanya hivyo itaipuuza na pete. Kwa hiyo nilichimba kila kitu. Vizibo vya bia ya Primus, misumari, maganda manne ya risasi (ya shaba, yana sauti nzuri kuliko pete yenyewe), na sarafu ya makuta 5 yenye kichwa cha Mobutu. Sehemu moja karibu na ukuta ilitoa sauti nene, pana, ya kutoka chini sana. Hiyo sikuigusa. Nilirudi nyuma kwa nyayo zangu mwenyewe, nikamwonesha kijana wa chefu mahali, tukahama upande.

Asubuhi mbili nilisimama majini hadi magotini, kwani sahani haiogopi maji ingawa kisanduku chake kinayaogopa. Hakuna kitu. Ya tatu nikachoka kutafuta, nikaanza kuuliza.

"Yaya, usinieleze. Chuchumaa, fanya kama siku ile."

Akachuchumaa. Akafua shuka la hewani, akalikamua, akaliweka kwenye beseni la hewani.

"Halafu?"

"Halafu nikasugua sufuria."

Sufuria! Siku zote hizo hakuwahi kuitaja. Akaendelea kuigiza, na bila hata kugeuza kichwa mkono wake wa kushoto ukaenda nyuma ya mgongo, ukazama kwenye mchanga mkavu hadi kifundo, ukatoka na konzi ya kusugulia. Mkono wenye sabuni, vidole vilivyonywea kwa maji baridi. Sote wawili tukakitazama kile kishimo.

Nikatandaza kamba ya kuanikia nguo, nikapita mstari kwa mstari, kila mpito ukilalia nusu ya uliotangulia. Mstari wa tano ukatoa sauti fupi. Nikageuka nikaijia kwa upande mwingine, ilikuwa palepale. Nikachota kwa bakuli, nikamimina kwenye chujio la chai, nikatikisa. Haikung'aa hata kidogo. Ilikuwa na utando wa sabuni iliyokauka, na chembe nyeusi zimeganda upande wa ndani, kama ilikuwa imevaliwa na mchanga.

Yaya hakupiga vigelegele. Aliifunga kwenye pindo la kitenge, akakaza fundo, akafunga la pili juu yake, ndipo akakaa chini. Malipo nilikataa, lakini usiku lililetwa beseni la sambaza, visamaki vya ziwani, ambalo sikulikataa.

Mwanawe mdogo, aliyekuwa nasi muda wote, akaniuliza kama mashini inaweza kumtafutia kandambili yake ya kushoto. Nikamwambia ya plastiki haiwezi. Tukaitafuta kwa macho mpaka jua likawa kali.