Boksi la viatu linaongea kuliko mimi

Huku kwetu Tandahimba, Mtwara, ukiita vijana ukumbini uwaambie leo tunaongelea masuala ya uzazi, wanainama wote, wavulana wanacheka nyuma kule, halafu mwisho unauliza "kuna swali?" kimyaa. Mi hiyo staili nimeshaiacha. Siku hizi natumia boksi la viatu nimelitoboa juu, wanatumbukiza maswali yao humo, basi.

Ila lina utaratibu wake. Kila mtu anapewa karatasi saizi moja na peni za rangi moja, na kila mtu LAZIMA aandike, asiye na swali anaandika hata jina la timu yake, maana ukisema wenye maswali tu ndo waandike, wanaoinama kuandika wanaonekana na stori inafika kijijini kabla hawajarudi wao. Halafu boksi silifungui palepale, nakwenda kusoma mwenyewe kwanza. Hii ni muhimu jamani, kwa sababu kati ya maswali ya hedhi na "eti ukiruka ruka baada ya tendo hupati mimba?" (hapana, unapata) unakutana na karatasi imeandikwa "mjomba ananisumbua usiku nifanyeje". Hiyo husomi mbele za watu hata iweje. Nachofanya nawaambia wote namba 116, simu ya mtoto, bure, na nawaambia nitakuwa chini ya mwembe mpaka jioni, anayetaka kuongea aje hata kwa kisingizio cha kuomba maji.

Kitu kingine nakirudia hadi wanachoka ni saa 72. Aliyebakwa akiwahi kituo cha afya ndani ya muda huo anapewa dawa za kuzuia VVU, na za kuzuia mimba pia kadiri anavyowahi ndo bora. Asioge, nguo asifue, aziweke kwenye mfuko wa karatasi sio rambo la plastiki. PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, inatoka polisi, na ulizia Dawati la Jinsia na Watoto, usiishie kaunta.

Shida kubwa ya huku sio kutojua, ni kumalizana kifamilia. Wazee wanakaa, hela ya korosho inatoka, kesi imekufa. Wakati sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998 inasema binti wa chini ya miaka 18 hata kama "alikubali" ni kubaka, adhabu inaanzia miaka 30 (kipengele cha ndoa ni balaa lingine, nitaandika siku yake). Hao wazee hawana mamlaka ya kusamehe kwa niaba ya mtoto, nasema waziwazi hata wakinuna.

Watu wa miradi wakija wanataka kupiga vita unyago wote (mafunzo ya jadi ya wasichana), mi hapo siko nao. Kweli kuna mambo mtoto wa miaka tisa hatakiwi kufundishwa, ila kungwi ana masikio ya wale wasichana kuliko mwalimu yeyote, akisema yeye kwamba mtu akikushika pasipofaa umwambie somo yako (mlezi wako wa unyago), wanaamini. Kungwi mmoja wa hapa ameshaanza kuwaimbisha wali, yaani wasichana wa unyago, ile 116 kabisa, kwa Kimakonde, na wanaijua kuliko namba za mama zao.

Desemba hii wavulana wa jando nao wanaletewa boksi lao, nimeshaongea na wasimamizi, wamekubali kwa shingo upande.