Maji Yalipokatika Gloucestershire

Mwaka 2007 nilikuwa nikiishi katika kijiji kimoja kidogo cha Gloucestershire, Uingereza, kati ya Tewkesbury na Cheltenham, nikimtunza bibi mmoja mjane aliyevunjika nyonga. Nilikuwa nalala humo humo. Kijiji chenyewe kilikuwa na kanisa, baa moja, ukumbi wa mikutano, kituo cha basi lisilopita Jumapili, na ubao wa matangazo wenye kioo na kufuli. Ufunguo alikuwa nao katibu wa halmashauri ya kijiji. Mwanzoni nilidhani ni mzaha, mtu kulinda namna ile karatasi ya ratiba ya kriketi. Lakini habari za pale zilikuwa na njia mbili tu, ubao ule na jarida la kila mwezi, kurasa chache za fotokopi zilizobanwa pini, ambazo mhariri wake, mzee mstaafu, alizipeleka mwenyewe mlango kwa mlango. Nani kafa, zamu ya nani kupanga maua kanisani, paka wa nani kapotea. Bibi alilisoma lote, hata tangazo la mtu anayeuza kitanda cha mtoto, kisha ananieleza kwa nini anakiuza.

Ijumaa ya tarehe 20 Julai mvua ilinyesha kutwa nzima. Mvua ya Uingereza niliyokuwa nimeizoea ni manyunyu ya kukera tu, yasiyolowesha wala kukatika. Ile ya siku hiyo ilikuwa masika hasa. Usiku huo maelfu ya watu walilala ndani ya magari yao kwenye barabara kuu ya M5. Mto Severn na mto Avon hukutana pale Tewkesbury, na yote miwili ikafura ikapanda mitaani. Huenda uliiona picha iliyopigwa kutoka angani: kanisa kubwa la kale la Tewkesbury limebaki juu ya kipande cha nyasi, pande zote maji. Kijiji chetu kiko kwenye mwinuko, hivyo maji yaliishia kwenye malisho ya chini. Tukajiona tumepona.

Jumapili redio ikatangaza kwamba mtambo wa kusafisha maji wa Mythe, ulio kando ya mto Severn, umeingiliwa na mafuriko na umezimwa. Watu wapatao 350,000 wangekosa maji ya bomba. Bibi alinitazama kama mtu asiyeamini. Dirishani malisho yamegeuka ziwa, na redio inasema hakuna maji!

Mimi nilikuwa nimeshainuka. Nimezaliwa Kongwa, mkoa wa Dodoma, na tangazo la kukatika kwa maji kwetu halina haja ya kurudiwa. Nilijaza bafu, sufuria zote, ndoo ya kudekia baada ya kuisugua, hata chungu kikubwa cha kupikia jamu. Dumu sikuliona. Nyumba nzima, ghorofa mbili, haina dumu hata moja; jambo hilo hadi leo sijalizoea. Bomba likakoroma, likatema hewa, likanyamaza.

Kesho yake ndipo nilipowajua majirani. Huko nyuma tulisalimiana kwa hali ya hewa, basi, kila mtu akaingia kwake. Sasa milango ilikuwa wazi, watu wanaulizana barazani. Mama wa nyumba ya pili nilimkuta akimwosha mwanawe kwa maji ya chupa yenye gesi, maana ndiyo yaliyokuwa yamebaki dukani, mtoto anacheka kwa kutekenywa na mapovu. Mbele ya ukumbi likaletwa boza, na kabla ya saa sita mchana lilikuwa limekauka. Likaja jingine. Wanajeshi nao walikuwa wakigawa maji ya chupa mjini, na wenye magari wakawa wanawaletea wasio nayo.

Foleni ya boza ilinichekesha. Kwetu ndoo ndiyo hupanga foleni, mwenyewe yuko kivulini akipiga soga. Pale kila mtu alisimama nyuma ya mwenzake wima, ndoo mkononi, kimya, kwa adabu. Mimi nikaiweka yangu chini nikaenda kukaa kwenye benchi. Mwanamke aliyekuwa nyuma yangu akaitazama ile ndoo, akanitazama mimi, akawa hajui ashike lipi. Zamu yake ilipokaribia akaisogeza kwa mguu, taratibu, kama anasogeza kitu cha kanisani. Katikati ya wiki benchi lilikuwa limejaa na ndoo zimejipanga zenyewe. Na hapo benchini ndipo habari zilipopatikana, mapema kuliko redio: boza la kijiji cha jirani limefunguliwa bomba usiku na vijana wakalimwaga lote, daktari amesema maji ya boza yachemshwe, mzee wa kona hajaonekana tangu jana, nani akamgongee.

Jumatano jioni mwenyekiti wa halmashauri akaita watu ukumbini. Halmashauri za vijiji huko Uingereza zilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1894, na mamlaka yake ni madogo: makaburi, uwanja wa watoto, mabenchi, taa moja moja. Wajumbe hawalipwi, hulipwa katibu tu. Nilikwenda kwa sababu Bibi alitaka kwenda, na kumsukuma kwenye kiti cha magurudumu ilikuwa kazi yangu.

Suala la wazee lilichukua muda mfupi. Walitaja nyumba moja moja, katibu akaandika, vijana wa kusukuma maji kwa matoroli wakajitokeza, likaisha. Nikasema moyoni, hawa watu wanajua kazi. Kisha likaja suala la maonyesho ya maua na mboga ya mwezi wa nane, na hapo tukakaa karibu saa nzima. Wenye nyanya na matango ya ndani ya vibanda vya kioo walisema mvua haiwafikii, maji ya kumwagilia hawana, kwa hiyo maonyesho yaahirishwe. Wenye viazi na karoti za nje walisema huo ni uonevu, mbona mwaka wa ukame hakuna aliyewaonea huruma wao? Mtu mmoja alisimama akatoa kanuni za maonyesho zilizopigwa taipu akasoma kifungu. Nimehudhuria mikutano ya kijiji Kongwa, nimeona watu wakigombea mipaka ya mashamba hadi wanashikana mashati. Sijaona tango likitetewa kwa ukali ule, na kwa sauti ya chini vile.

Bibi ndiye aliyewakatisha. Aliinua fimbo.

"Mwenyekiti," akasema, "huyu binti ananiogesha kila asubuhi kwa maji yasiyozidi jagi mbili. Kwa harufu ya ukumbi huu, mimi ndiye mtu msafi kuliko wote humu ndani."

Kimya kikapita, kisha wakaangua kicheko. Mwenyekiti akaniuliza, kwa upole, kama ningependa kueleza inafanyikaje. Na natoka wapi?

"Tanzania," nikasema. "Kongwa."

"Karanga!" akapaza sauti mzee mmoja kutoka nyuma.

Wazungu wa rika lile hawahitaji kuelezwa Kongwa iko wapi. Serikali yao ilianzisha pale mradi mkubwa wa karanga mwaka 1947, matrekta yakashindwa na ardhi inayokauka ikawa ngumu kama saruji, mvua ikawa haba, na mwaka 1951 ukaachwa baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Kwetu uliacha mabaki ya majengo na hadithi za babu. Kwao uliacha fedheha magazetini, na yule mzee alikuwa kijana wakati huo.

"Wakati ule hatukuwauliza wenyeji habari za maji," akasema. "Safari hii tuulize mapema."

Nikaeleza. Unachota kwa kopo, huchovyi mkono kwenye ndoo. Unajilowesha kidogo, unaliweka kopo chini, unajisugua sabuni, ndipo unajisuuza kuanzia kichwani ukiwa umesimama ndani ya beseni, ili maji yasipotee. Maji ya kuoshea mboga yanafua soksi, yaliyofua soksi yanakwenda chooni. Ndoo ya kunywa ina mfuniko wake na kata yake, na haiguswi kwa kazi nyingine. Halafu nikawauliza: yale mapipa ya kukinga maji ya mvua yaliyo chini ya mifereji ya paa zenu, mbona yamejaa na vyoo vinanuka? Watu wakatazamana. Wengi walikuwa wakiyatunza kwa ajili ya nyanya.

Mhariri alikuwa akiandika muda wote. Hakungoja toleo la mwezi. Asubuhi karatasi ilikuwa chini ya kila mlango na nyingine ndani ya kioo cha ubao, juu yake maandishi makubwa: kutoka kwa mtaalamu wetu wa Kongwa. Nilimwambia mimi si mtaalamu wa lolote, kila mtoto wa kwetu anajua hayo. Akasema hapa kijijini mtu akishafanya jambo mara mbili huitwa mtaalamu, na yeye mwenyewe ndivyo alivyopewa uhariri.

Tangu siku hiyo sikuweza kufika kwenye boza bila kuripotiwa. Mtu ananisimamisha njiani kunieleza ameoga kwa lita tatu, mwingine anasema yeye mbili na nusu pamoja na nywele. Kasisi alinionyesha kopo lake, lilikuwa la maharage, amelitoboa ukingoni na kulitia waya wa kushikia. Kopo zuri kweli, nilimsifu kwa dhati. Mama wa maji ya gesi alikuja jikoni kwetu kujifunza kumwogesha mtoto, akakaa hadi chai, akarudi kesho yake bila sababu yoyote.

Maji yalirudi bombani kidogo kidogo, na tarehe 7 Agosti ikatangazwa kwamba yanafaa kunywewa. Nilimwandalia Bibi bafu lake la maji ya moto, nikidhani atafurahi. Akakataa. Kupanda na kushuka mle kunamuumiza nyonga, akasema, na miezi yote ile hakuna aliyewahi kumuuliza. Tukaendelea na kopo.

Maonyesho yalifanyika. Tango lililoshinda lilikuwa refu kuliko mkono wangu, la bwana yule yule aliyesoma kanuni ukumbini. Kabla ya jioni minong'ono ikaenea kwamba boza lilikuwa likipungua usiku wiki ile, na kwamba banda lake la kioo liko hatua chache kutoka ukumbini. Hakuna aliyemshtaki waziwazi. Mmoja tu aliandika barua kwenye jarida akiuliza, bila kumtaja mtu, mboga inahitaji lita ngapi kufika urefu ule, na pengine mtaalamu wa Kongwa angeweza kusaidia kukadiria. Nilikataa. Bwana tango akajibu toleo lililofuata, kurasa mbili, akiambatanisha vipimo vya pipa lake la mvua. Nilipohamia Birmingham mwaka uliofuata, suala hilo lilikuwa bado liko kwenye ajenda.