Siku Tatu Morogoro na Baba

Kwa miaka mingi Morogoro ilikuwa kwetu mji wa kupita tu: tulisimama kununua maji na kunyoosha miguu, kisha tukaendelea na safari ya Iringa, huku Baba akigeuza shingo kutazama milima ya Uluguru mpaka ipotee nyuma yetu. Sikuwahi kumuuliza alikuwa akitazama nini. Wikiendi iliyopita mimi na mume wangu tulipakia mahema mawili, godoro la Baba na sufuria tatu, tukatoka Dar es Salaam Ijumaa alfajiri pamoja naye na watoto wetu wawili, kabla foleni ya Kibaha haijashika.

Tulipovuka Mto Ruvu aliwaambia wajukuu kwamba maji wanayooga nyumbani hutoka katika mto ule, na kwamba sehemu ya maji hayo huanzia kule tuendako. Binti yangu mkubwa hakusadiki. Jumamosi asubuhi, karibu na Morningside, kwenye miteremko ya Uluguru juu ya mji, Babu yake alimshika mkono akampeleka kwenye kijito, akamweleza jinsi maji yale yanavyoshuka hadi Mto Morogoro, yakaingia Ngerengere, kisha Ruvu. Mtoto akachota kwa viganja, akanawa uso, akasema amenawa maji ya nyumbani kabla hayajafika.

Lakini usiku wa kabla ya hapo ndio ninaoukumbuka zaidi. Mvua ilinyesha, hema letu likavuja upande mmoja, tukahamia sote katika hema la Baba. Nawaomba kwa moyo wote wanaopenda kupiga kambi waache spika zao nyumbani, kwa sababu giza lile na mvua iliyokuwa ikigonga turubai ndivyo vilivyomfungua Baba kinywa. Alisimulia kwamba mwaka 1972, akiwa kijana wa miaka 20 na karani wa ghala mjini pale chini, alikuwa akiweka kando senti zake wiki nzima ili Jumamosi akamsikilize Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, bendi ambayo miaka miwili kabla ilikuwa imefika hadi Osaka, Japani. Yeye mwenyewe alijifunza gitaa la ridhimu kwa kuwakodolea macho wapigaji vidole. Januari 1979, redio ilipotangaza kwamba Mbaraka amefariki kwa ajali ya gari Mombasa, akiwa na miaka 34 tu, Baba alikaa uani mpaka usiku, na tangu siku hiyo hakulishika tena gitaa. Nina miaka 41, na sikuwa nimewahi kujua kwamba baba yangu alipiga gitaa.

Jumamosi jioni tulishuka mjini kusikiliza bendi ya muziki wa dansi katika baa moja ya wazi. Baba hakucheza. Aliketi wima, soda mbele yake, vidole vya mkono wa kushoto vikibonyeza ukingo wa meza kana kwamba pana nyuzi, na kila mara alimnong'oneza mjukuu wake, "Sikiliza, sasa solo inaingia," nayo solo ikaingia. Wakati wa mapumziko mpiga ridhimu, kijana ambaye bila shaka alikuwa ameviona vidole vile, alikuja kwetu na gitaa lake.

"Shikamoo, mzee. Wewe ni mpigaji?"

"Marahaba, mwanangu. Nilikuwa. Uzi wako wa pili umelegea."

Kijana akavuta kiti, akainamisha sikio, akaanza kuukaza taratibu huku akimtazama Baba usoni. Baba alifumba macho, kidole kimoja kikiwa juu.

"Bado," akasema. "Bado kidogo. Hapo."