Nilivyojifunza Kusoma Utabiri wa Mimweko ya Setilaiti za Iridium

Mwaka 2014, nilipokuwa nikiishi mjini Morogoro, nilitoka uani mara tatu kutazama mmweko wa setilaiti ambao jedwali la utabiri la tovuti ya Heavens-Above lilionyesha kwamba ungeng'aa kuliko Zuhura, na mara zote tatu sikuona chochote. Jedwali halikuwa na kosa. Mimi ndiye niliyekuwa sijajua kulisoma, na ilinichukua majuma kadhaa kuelewa kila safu ilikuwa ikiniambia nini.

Setilaiti zenyewe zilikuwa za Iridium, kizazi cha kwanza, zilizoanza kurushwa mwaka 1997 kwa ajili ya mawasiliano ya simu. Zilizunguka dunia kwenye kimo cha kilomita 780 hivi, kutoka upande wa ncha moja hadi nyingine, na kila mzunguko ulichukua takriban dakika 100. Kila setilaiti ilikuwa na antena tatu bapa, kila moja ikikaribia ukubwa wa mlango wa nyumba, na uso wa antena hizo uling'aa kama kioo. Jua lilipoipiga antena kwa pembe inayofaa, mwanga ulirudi duniani jinsi mtoto anavyoshika kipande cha kioo juani na kutupia doa la mwanga ukutani. Doa hilo lilipita juu ya ardhi kwa kasi kubwa, nalo lilikuwa jembamba mno. Aliyekuwa ndani ya njia yake aliona nukta hafifu ikiwaka ghafla, ikang'aa kwa sekunde chache, kisha ikafifia na kupotea.

Kosa la kwanza lilikuwa la saa. Jedwali liliandika 16:08, nami nikatoka saa kumi na dakika nane alasiri, jua likiwa bado kali, nikidhani kwamba mmweko mkubwa kiasi hicho ungeonekana hata mchana. Kumbe sikuwa nimechagua majira ya Afrika Mashariki, na muda uliotolewa ulikuwa wa majira ya ulimwengu, ambayo yako nyuma yetu kwa saa tatu. Muda halisi ulikuwa 19:08, yaani saa moja na dakika nane usiku. Tangu siku hiyo nilianza kwa kutazama safu ya kimo cha jua: namba ikiwa chini ya sifuri, jua limekwisha kuzama, na ikifika hasi 6 au chini ya hapo, anga limeanza kuwa na giza la kutosha.

Safu ya mng'ao nayo inaenda kinyume na mazoea, kwa sababu namba inavyopungua ndivyo mwanga unavyozidi. Nyota hafifu kabisa inayoonekana kwa macho iko karibu na 6, Zuhura hufikia hasi 4 na nusu hivi, na mimweko mikubwa ya Iridium ilifika hasi 8. Tofauti ya hatua tano ni sawa na mwanga mara 100, kwa hiyo mmweko wa hasi 8 ulikuwa na mwanga wa Zuhura mara 25 hivi.

Lakini kosa lililonigharimu zaidi lilikuwa la mahali, na hapa ndipo naona wengi hukata tamaa. Nilikuwa nimechagua Dar es Salaam, mji uliokuwa wa kwanza kunijia akilini, nikiamini kwamba anga la Dar na la Morogoro ni lile lile. Kwa mwezi na sayari, tofauti ni ndogo sana. Kwa doa la mwanga lenye upana wa kilomita chache, umbali wa kilomita 180 hivi hauachi kitu. Nilipoingiza mahali pangu halisi, orodha yote ilibadilika. Hapo ndipo nilipoielewa safu niliyokuwa nikiiruka, ile ya umbali hadi kiini cha mmweko, yaani katikati ya njia ya doa lile ardhini. Utabiri haukuwa wa anga peke yake. Ulikuwa pia wa mahali mtu anaposimama ardhini.

Mwelekeo haukunisumbua sana. Azimuti huhesabiwa kwa nyuzi kuanzia kaskazini kupitia mashariki, hivyo 90 ni mashariki na 180 ni kusini. Kimo huanzia sifuri kwenye upeo wa macho hadi 90 utosini, na ngumi moja ya mkono ulionyooshwa hufunika takriban nyuzi 10. Ila jedwali halijui milima: mmweko wa nyuzi 8 upande wa kusini ulinipita nyuma ya Uluguru, ambayo hupanda zaidi ya mita 2,000 karibu kabisa na mji.

Baadaye nilikuta mmweko ambao kwa Morogoro mjini ungekuwa hasi 1 tu, ilhali kwenye kiini chake, kilomita 26 mashariki, ungefikia hasi 7. Nilipanda gari hadi Mikese pamoja na mdogo wangu, tukasimama mbali na taa za barabara kuu, saa ya simu ikiwa imelinganishwa hadi sekunde. Zikiwa zimebaki sekunde kumi hivi, mdogo wangu alisema, "Kaka, mbona hakuna kitu?" Nikamwomba asiondoe macho kaskazini, ngumi nne juu ya upeo. Mwanga ulitokea pale pale, ukakua hadi tukanyamaza wote wawili, ukateremka taratibu kuelekea kaskazini huku ukififia. Nilikuwa na furaha ambayo sikuweza kuieleza njia nzima ya kurudi.

Kati ya mwaka 2017 na 2019 setilaiti mpya zilirushwa kuchukua nafasi ya zile za zamani, nazo hazina antena za umbo lile, hivyo mimweko ya kutabirika ya Iridium ikatoweka. Siku hizi natumia jedwali la aina hiyo hiyo kutazama Kituo cha Kimataifa cha Anga kikipita. Saa, kimo na azimuti vipo vile vile. Safu ya umbali hadi kiini ndiyo haipo, na bado jicho langu huitafuta.